Usiku wa Kuamkia Jumanne

Jumapili, 14 Agosti 2022

Mafunzo ya makarani wa sensa yanakaribia kwisha na kichwa kimejaa. Leo kutwa nzima ni kaya, kaya, kaya. Wanaokula chungu kimoja. Wanaolala chumba kimoja lakini chungu mbali mbali. Mkufunzi kachora nyumba ubaoni, vyumba vitatu na ukumbi, akauliza: hapa pana kaya ngapi? Darasa likachafuka. Kila mtu anataja kwao. Mmoja wa Mkunazini kasema kwao nyumba moja ina majiko saba na choo kimoja, na mlango wa nje haufungwi kwa sababu hakuna anayejua ufunguo ulikwenda na nani.

Nimeandika pembeni ya daftari: hatumhesabu mtu anapoishi. Tunauliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 23. Basi. Mtu ni pale alipoweka ubavu usiku ule.

Mwisho mwisho, watu washachoka, ndipo yakaja makundi maalumu. Hoteli, wodi za hospitali, wasafiri bandarini, wavuvi walioko dago, wasio na makaazi maalumu. Hao wa mwisho hawakupata hata dakika mbili. "Kwetu hawa hatuna wengi," kasema, kageuza ukurasa.

Hatuna wengi. Na kuhesabu bado.

Nimerudi Michenzani, Ami, ndugu wa baba, yuko ukumbini na redio yake. Godoro kashalikunja, kalisimamisha nyuma ya mlango, shuka juu yake. Tangu masika yuko kwetu na kila siku hulikunja kabla ya adhana ya alfajiri. Hakuna aliyemwambia alikunje.

Alkhamisi, 18 Agosti

Nimepangiwa usiku wenyewe. Timu ya makundi maalumu, Malindi mpaka Darajani. Mama hataki kusikia. "Mwanamke, usiku wa manane, bandarini!" Nimemwambia tutakuwa na sheha, na polisi jamii, na msimamizi. Kasema sheha naye ana mke, kwa nini hamzuii.

Ami kauliza kama nitapita Kiponda. Sitapita. Nani atapita? Karani mwengine. Basi huyo karani aandike jina lake pale. Ami, pale hapakaliki. Roshani ilikuja chini na mvua, ngazi haipandiki, sheha kafunga kamba mlangoni. Karani akigonga atafunguliwa na nani?

"Nyumba yangu ni Kiponda."

Najua, Ami.

"Basi andika Kiponda."

Chai ilikuwa inachemka. Nikaenda kuiepua.

Jumanne, 23 Agosti, baada ya swala ya alfajiri

Miguu hainibebi, lakini nisipoandika sasa hivi yatatoka yote.

Tumeanza saa sita juu ya alama. Kusi inavuma, vizibao vyetu vinapepea, mtu anatuona toka mbali. (Hilo nalo ni tatizo, nitalisema.) Malindi, baraza ya duka moja karibu na bandari: wanaume watatu wamelala safu moja, maboksi yametandikwa chini. Wa kwanza mlinzi. Ana mke na watoto Bumbwini, yuko kazini, atatajwa na mkewe asubuhi, usimguse. Wa pili anangoja boti ya asubuhi kwenda Dar, tiketi mfukoni. Msafiri. Wa tatu hamali, gari lake la kusukuma kalifunga mnyororo kwenye nguzo na mguu kauweka juu ya gurudumu.

Kaamka bila kushtuka, kama aliyezoea kuamshwa. Kwenu wapi? Micheweni. Siku nyengine unalala wapi? Hapa. Tangu lini? "Tangu karafuu zile." Sikujua karafuu za mwaka gani. Msimamizi kasema asiye na makaazi maalumu, nikabonyeza. Hamali kataka kujua nimeandika nini, nikamwambia. Hakukasirika hata kidogo. Alicheka.

"Dada, mie nina nyumba. Ina milango miwili, na mnazi nyuma. Hapa nalala tu."

Watatu wale ukiwapiga picha huwezi kujua nani ni nani. Baraza moja, baridi moja, kila mmoja kaingia mlango wake ndani ya kishikwambi.

Nyuma ya marikiti Darajani, vijana. Wengine unga umewamaliza, mashavu yameingia ndani. Wameona vizibao wakadhani askari, wakatawanyika. Sheha akawaita kwa majina yao, mmoja mmoja, gizani, kwa sauti ya mzazi. Anawajua wote. Huyu wa Jang'ombe. Huyu mama yake yuko Mwembemakumbi. Huyu kwao Tomondo, baba yake nilisoma naye. Kila mmoja, sheha anasema: huyu ana kwao.

Nikamwuliza, huko kwao wanamfungulia?

Kanyamaza. Kisha kasema tena, ana kwao.

Msimamizi: sheha, tunahesabu alipolala. Sheha: mtamwandika mtoto wa watu hana makaazi, na mama yake yu hai? Saa tisa za usiku, mabishano ya chini chini, paka wanatutazama. Waliorudi tukawaandika. Waliokimbia hatukuwapata.

Hao waliokimbia ndio wananisumbua. Leo mchana karani atagonga mlango kule Mwembemakumbi, atauliza nani alilala humu, na mama atataja watoto wake wote. Wote. Mama gani atamruka mmoja mbele ya mgeni mwenye kishikwambi? Kwa hivyo yule kijana atahesabiwa amelala kitandani kwao, paa la bati, sakafu ya saruji. Mtaani hayupo.

Saa mbili naanza kaya. Nilale kidogo.

Jumatano, 24 Agosti

Karani wa mtaa wetu alipita jana mie nikiwa kazini. Mama ndiye aliyejibu. Mkuu wa kaya, yeye. Mie mtoto. Wanangu wajukuu. Ami?

"Ndugu wengine," Mama kasema kwa upole, "ndivyo ulivyoandikwa, shemeji."

Ami kasikia vizuri. Katoka nje, kasimama kwenye korido muda mrefu, kashika chuma. Miaka hamsini na kitu mkuu wa nyumba yake, watu wanakula mkononi mwake, leo ndugu wengine. Hakula mchana. Jioni kakubali uji, baada ya mwanangu wa mwisho kumbembeleza, akasema tu: "Msinipeleke Sebleni." Hakuna aliyetaja Sebleni! Mama kalia jikoni.

Nimelifikiri hilo usiku. Akiwa Sebleni kwenye nyumba ya wazee, ni mtu wa taasisi. Akiwa kwetu, ni ndugu wengine. Akiwa Kiponda chini ya dari ile ile inayomwaga chokaa, basi ni mkuu wa kaya ya mtu mmoja, au ni asiye na makaazi, inategemea karani anauonaje ule ukuta. Ami ni yule yule. Baridi yabisi yake ile ile, redio ile ile.

Ijumaa, 26 Agosti

Mlandege, Kikwajuni. Joto. Kila mlango ninakunywa juisi, siwezi kukataa, tumbo limejaa ukwaju.

Na kila mlango wapo. Sikuwaona jana kwa sababu sikuwa nawatafuta, leo nawaona kila mahala. Mtoto wa dada kutoka Makunduchi, kaja kusoma, huyo sawa, ana kwao na kitabu mkononi. Lakini yule kijana wa ukumbini "kwa sasa tu". Yule bibi wa chumba cha stoo. Na leo mmoja, mwanamke wa umri wangu, ameachwa, watoto wanne, kachukuliwa na kaka yake. Wifi ndiye anayejibu maswali yote. Yeye yuko nyuma ya pazia, naona miguu yake na vidole vinne vya watoto vimeshika pazia kwa chini. Uhusiano na mkuu wa kaya? "Dada wa mume wangu," wifi kasema, na ile "wa mume wangu" ilikuwa na uzito wake.

Vyumba vya kulala: viwili. Watu: kumi na mmoja. Hilo lipo, linaandikwa. Maji ya bomba, umeme, choo cha ndani. Kwenye karatasi mtalaka yule anakaa vizuri kushinda nusu ya kisiwa. Swali ambalo halipo ni moja: wifi akichoka, huyu anakwenda wapi?

Nisingeweza kuuliza hata lingekuwepo. Wifi alikuwa amekaa pale pale.

Jumapili, 4 Septemba

Siku zimeongezwa kwa ajili ya waliokosekana. Natembea na orodha ya milango iliyofungwa.

Dada kaleta sauti kutoka Barking, Uingereza, ndefu, na chai anaikoroga ndani yake. Mwenye nyumba aliuza, manispaa ya kule ikamweka kwenye nyumba ya muda na wanawe. Ghorofa ya tano, vyumba viwili, maji moto, friji, funguo mbili. Na barua anayo, yenye muhuri, inayosema hana makaazi. Kaisoma yote kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, akacheka, kisha akaacha kucheka.

Nikampigia Ami ile sauti. Kasikiliza mpaka mwisho, mkono sikioni.

"Mpe pole. Mwambie yeye hana makaazi ana funguo. Mie ninayo makaazi, sina funguo."

Usiku nikatafuta hesabu zao. Kaya zilizoko kwenye nyumba za muda England mwishoni mwa Machi mwaka huu: kama 95,000. Waliokadiriwa kulala nje usiku mmoja wa vuli ya mwaka jana: 2,443. Nchi moja hiyo! Dada yumo kwenye ile ya kwanza, kwenye ya pili hayumo. Na wote wawili gazeti litawaita kwa jina moja.

Nimekaa nazo mpaka saa saba. Ile kubwa imetoka wapi? Imetoka kwenye sheria. Tangu 1977 wana sheria inayoibana manispaa: mtu akija na watoto wake akathibitika hana pa kukaa, ni wajibu wenu. Wajibu unafungua faili, faili inatoa barua, barua inaingia kwenye jumla. Hesabu ile inapima ahadi iliyotolewa. Serikali isiyoahidi kitu haina faili, na isiyo na faili haina 95,000. Na asiyekwenda kuomba je? Dada anasema wapo watu wetu tele kule wanalala kwa wenzao, sebule hii wiki mbili, sebule ile mwezi, wanaona haya kwenda kupanga foleni. Hao hawamo humu wala humu. Ami wa Barking.

Jumanne, 13 Septemba

Chumba cha walimu. Mwenzetu wa Jiografia, kanzu yake nyeupe, mandazi mkononi: "Wazungu laki nzima hawana nyumba! Sisi alhamdulillahi, udugu upo, hakuna anayelala nje."

Nilijiapiza sitasema kitu. Nikasema.

Nikamwambia habari za Kenya, maana nilisoma na mtu wa Likoni akanipa. Mwaka 2018 walifanya sensa ya familia za mitaani peke yake, hesabu ya hao tu, wakapata 46,639 nchi nzima, Mombasa 7,529. Yeye akaruka: "Unaona! Mombasa hapo, elfu saba!" Kana kwamba nimempa ushindi. Nikamwuliza, Mombasa na sisi tumetafautiana nini? Bahari moja, unga ule ule unaopita, nyumba zile zile za urithi wa watu ishirini. Wao walitoka kuwatafuta kwa makusudi. Sisi tumepita usiku mmoja tukiwa na kila kitu kingine cha kuhesabu, baada ya miaka kumi.

Kasema mie naitukana nchi.

Kengele ikalia. Nimefundisha Form Two kwa hasira, watoto wameogopa.

Lakini udugu kweli upo. Ndio jambo linalonitatiza, kwamba hakusema uongo. Ami hayuko barazani Malindi kwa sababu Mama kafungua mlango na hakuuliza mpaka lini. Mtalaka wa Kikwajuni kadhalika. Udugu unafanya kazi usiku na mchana na haulipwi, na kwenye jedwali kazi yake yote inaonekana kuwa ni upungufu wa tatizo. Anayebeba ni wifi. Wifi hana safu yake.

Ijumaa, 7 Oktoba

Mwezi wa Maulidi. Usiku kwetu blok zima limesomwa Barzanji, mikeka mpaka kwenye ngazi, ubani na haluwa, watoto wamelala juu ya viatu vya watu. Ami kapewa asome mlango mmoja. Sauti ile! Sijaisikia tangu ndoa yangu. Majirani wakageuka, nani huyu? Mama kasema kwa fahari, "Shemeji yangu, wa Kiponda."

Asubuhi godoro halikukunjwa. Kalala mpaka saa moja, mdomo wazi. Tukapita kwa vidole vya miguu.

Jumatatu, 31 Oktoba

Matokeo. Rais katangaza Dodoma, uwanja umejaa, sisi ukumbini mbele ya televisheni, Ami na peni na ukingo wa gazeti.

61,741,120. Zanzibar 1,889,773. Ami kaandika chini yake ya 2012, anayo kwa kichwa, 1,303,569. Katoa. "Laki tano na themanini na sita elfu, na mia mbili na nne. Wamelala wapi hao?" Swali zuri kuliko yote niliyoyauliza Agosti.

Na majengo, safari hii wamehesabu majengo pia. Zanzibar 440,421. Ami kagawanya hapo hapo, hakungoja simu ya mtu: wanne na kitu kwa kila jengo. Katutazama mmoja mmoja. "Wanne! Basi nyumba zinatosha. Nipeni langu."

Nikamweleza. Ami, jengo ni pamoja na msikiti, na skuli, na duka, na hoteli yenye vyumba hamsini. Kugawanya hivyo hakumpi mtu kitanda. Kasikiliza kwa utulivu wa mwalimu mstaafu.

"Na blok hili refu lote, jengo moja au mangapi?"

Kisha:

"Na la kwangu wameliandika?"

Hamali wa Micheweni yumo ndani ya 1,889,773, hilo nina hakika kwa sababu nimembonyeza kwa kidole changu. Na Mtaliana aliyelala hotelini Shangani usiku ule naye yumo, kwa haki sawa kabisa, mtu mmoja na mtu mmoja. Tafauti ni baada ya hapo. Watalii tunawahesabu kila mwezi, kwa nchi zao. Mwaka 2019 walikuwa 538,264, unaweza kuuliza wangapi Wapoland ukajibiwa. Wa barazani tuna usiku mmoja wa Agosti.

Jumamosi, 19 Novemba

Nimekwenda Malindi kutafuta changu. Bei haishikiki, nimerudi na dagaa.

Hamali! Kanijua yeye kwanza. "Dada wa kompyuta." Anasukuma gunia za vitunguu, jasho mpaka kwenye nyusi. Kumbe hakuwepo, alikuwa Pemba mwezi mzima, binti yake kaolewa. Kalala kwake, milango miwili, mnazi nyuma. Sensa ingekuwa Oktoba angekuwa mkuu wa kaya mwenye nyumba yake, na mtu mmoja angepungua kwenye safu yangu ya Malindi, na huku pale barazani pengine pamelala mwengine. Kilichopungua hapo ni nini?

Kanisaidia kubeba mfuko mpaka daladala. Hakutaka pesa.

Jumapili, 25 Disemba

Miaka miwili leo tangu sehemu ya jumba la Beit el-Ajaib iporomoke. Redio imeikumbuka, na mafundi wawili waliokufa ndani yake, Mungu awarehemu.

Ami: "Ile ilipoanguka ulimwengu wote ulijua kabla ya magharibi. Na hakuwa analala mtu mule. Yangu imeanguka Jumatano, hajui mtu." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anayesoma tarehe.

Kwa nyumba yake hatujafika popote. Ofisi ya kwanza wanasema si yetu, nendeni ya pili. Ya pili wanataka warithi wote waje, na warithi wengine wako Maskati, wengine hawajuani. Karatasi ya baada ya Mapinduzi tunayo, imeliwa pembeni. Nimemwambia Ami tutakwenda tena baada ya mwaka mpya. Kasema atavaa koti.

Jumanne, 10 Januari 2023

Nimeyapata ya wilaya. Nimefunga mlango wa chumba, watoto wamepelekwa kwa bibi yao mwengine.

Mjini Magharibi yote: 593,678 mwaka 2012, sasa 893,169. Nusu nzima na zaidi imeongezeka. Halafu Wilaya ya Mjini peke yake, sisi wenyewe, Mji Mkongwe na Ng'ambo: 223,033, sasa 219,007.

Tumepungua! Kisiwa kinafurika na mji wenyewe umepungua. Nimehesabu tena, 4,026.

Mtu asiyejua atasema watu elfu nne wamehama. Siyo. Hiyo ni baki tu, baada ya waliozaliwa, waliokufa, walioingia, waliotoka. Waliotoka ni wengi mno kuliko hao. Namwita Ami, tunataja majirani zake wa Kiponda kwa vidole. Wa mkono wa kulia kajenga Fuoni. Wa mbele yuko Tomondo kwa mwanawe. Wa pembeni kauza, sasa pale pana hoteli, juu wanakula watu machweo. Wale wa ghorofa ya chini, wapangaji, hakuna anayejua. "Wale hawakuaga," Ami kasema. Hapo ndipo jedwali na Ami wamekuwa sawa: wote wawili hawajui wale wa ghorofa ya chini wamekwenda wapi. Fuoni ni nyumba mpya ya matofali ya mtu aliyefanikiwa, na Fuoni pia ni chumba cha nyuma kwa binamu. Yote mawili ni kupungua kwa Mjini, yote mawili ni kuongezeka kwa Magharibi.

Nimeamua kuandika barua. Kwa Mtakwimu Mkuu, kwa adabu, karatasi ya mistari. Si malalamiko. Ni maombi ya majedwali, maana ninachokitaka kimo ndani ya vishikwambi tayari, tumekiingiza sisi wenyewe, kazi ni kukitoa.

La kwanza: walioandikwa ndugu wengine, kwa umri, kwa ndoa, kwa idadi ya vyumba vya kulala, shehia kwa shehia. Nataka nione wajane na watalaka wangapi wenye watoto wako kwenye kaya za kaka zao. Si wote hawana pa kwenda, najua, wengine wamekaa kwa raha zao. Lakini tukianzia kutafuta, tuanzie hapo.

La pili: wasio na makaazi maalumu, kila shehia na saa waliyokutwa. Ikiwa shehia fulani ni sifuri, nataka kujua kama kuna mtu aliyepita huko baada ya saa sita.

La tatu: majengo yaliyokutwa hayakaliki. Yako mangapi Mji Mkongwe, na waliokuwemo wako wapi.

Nikamsomea Ami. Kaniomba nirudie la tatu. Kisha kataka liongezwe la nne, na kalitamka mwenyewe, peni yangu inamfuata: katika kila kaya, nani ana ufunguo wa mlango wa nje.

Nikamwambia hilo hatukuuliza, Ami, haliwezi kutoka.

"Waulize safari ijayo."

Safari ijayo ni 2032. Kaniangalia kwa juu ya miwani. Nimeliandika. Alkhamisi ni Mapinduzi, ofisi zimefungwa. Nitaipeleka Ijumaa asubuhi nikienda skuli, na Ami anasema tupite wote, koti keshalinyoosha.